Visiwa Vilivyozaa Waimbaji na Visiwa Vilivyowafunga: Khabari za Muziki wa Ugiriki

Ugiriki ni nchi ya maelfu ya visiwa na vijisiwa, na ni sehemu ndogo tu ya hivyo inayokaliwa na watu. Sisi wakaazi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya hali hiyo. Tunaijua bandari na kuli wake, mvuvi na deni lake, mgeni anayeshuka na khabari za ng'ambo, na kijana anayepanda meli akamwacha mama yake pwani. Katika mazingira ya namna hiyo ndimo ulimokulia muziki ambao leo unajulikana dunia nzima kuwa ni muziki wa Kigiriki. Lakini visiwa vya Ugiriki vilipewa na kazi ya pili. Vingine vilizaa waimbaji, na vingine vilitumiwa na serikali kuwafungia. Wapo waliozaliwa katika kisiwa kimoja wakateswa katika kingine. Makala haya yanakusudia kueleza khabari za baadhi ya watu hao, na hasa namna wakubwa wa serikali mbali mbali za nchi ile walivyoshughulika nao, kwani hilo ni jambo linalomhusu kila mwenye dhamana ya utamaduni, popote alipo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mgiriki si mgeni kabisa katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni walowezi wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa wenye mashamba makubwa ya mkonge Tanga na Morogoro, na wazee wa Dar es Salaam bado wanalijua jina la George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha za kujengwa ukumbi wa jumuiya pale Mnazi Mmoja. Ukumbi huo, ambao wananchi waliuita Arnautoglo, ulikuwa mahali pa dansi na mikutano katika miaka ya kupigania uhuru. Lakini mwananchi aliyekata mkonge alimjua Mgiriki kwa ubwana shamba wake tu. Hakupata nafasi ya kumjua kuli wa Piraeus, bandari kuu ya Ugiriki, ambaye maisha yake yalikaribiana na ya mkata mkonge kuliko na ya bwana shamba yule.

Mwanzo wa khabari yenyewe ni msiba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Ugiriki ilipeleka majeshi yake Anatolia kwa tamaa ya kujitanua. Mwaka 1922 majeshi hayo yalishindwa na Waturuki wa Mustafa Kemal, na mwezi wa Septemba mji wa bandari wa Smyrna, ambao leo ni Izmir, ukateketea kwa moto. Mwaka uliofuata, huko Lausanne, serikali mbili hizo zilitiliana saini ya kubadilishana watu kama wafanya biashara wanavyobadilishana magunia. Wakristo wa Othodoksi zaidi ya milioni moja wakawa wamehamia Ugiriki, na Waislamu wapatao laki tatu na nusu hadi laki nne wakapelekwa Uturuki. Kipimo kilichotumika kilikuwa dini, si lugha. Walikuwapo Waislamu wa kisiwa cha Krete waliosema Kigiriki tangu mababu, na Wakristo wa Anatolia waliosema Kituruki tupu. Wote waling'olewa. Ugiriki yenyewe wakati ule ilikuwa na watu kama milioni tano tu, na kila anayejua hesabu ataelewa hali ilivyokuwa pale vibanda vya wakimbizi vilipoizunguka Athens na Piraeus.

Watu wale hawakuja na mali, lakini walikuja na muziki. Walikuja na udi, fidla na kanuni. Kanuni ile ile inayopigwa katika taarab ya Unguja, ambayo sisi ilitufikia kwa njia ya Misri. Walikuja pia na santuri. Hapa msomaji asichanganyikiwe: kwa Mgiriki na Mturuki santuri si sahani ya muziki, bali ni ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vijiti viwili. Katika mikahawa yao waliimba nyimbo ndefu za huzuni ambamo mwimbaji hulia "aman, aman", neno ambalo aliyepitia chuoni halimpi tabu kulijua asili yake. Mwimbaji aliyevuma zaidi katika mtindo huo alikuwa Roza Eskenazi, mwanamke wa Kiyahudi mwenye asili ya Istanbul. Toundas, mtunzi mkimbizi kutoka Smyrna aliyekuwa akifanya kazi na makampuni ya santuri, ndiye aliyemtia katika kazi ya kurikodi mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika muongo uliofuata Roza akarikodi nyimbo kwa mamia. Ni wakati ule ule ambapo Siti binti Saad wetu alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodi. Wanawake wawili, kila mmoja kando ya bahari yake, walichukuliwa na biashara moja ya gramafoni iliyokuwa ikitafuta sauti za kuuza kila bandari. Tofauti ni kwamba mwaka 1930 Athens ilipata kiwanda chake cha kutengenezea santuri, na hivyo mwimbaji wa Kigiriki hakuhitaji tena kupanda meli. Jambo hilo dogo la kiwanda lina uzito mkubwa kuliko linavyofikiriwa, maana nchi yenye kiwanda chake huweka sauti za watu wake kwa maelfu, na isiyo nacho huweka chache zilizobahatika kusafiri.

Sasa tuje kwa Markos Vamvakaris, ambaye Wagiriki humtaja kwa jina la Markos tu, na kila mtu akajua ni nani. Alizaliwa mwaka 1905 katika kisiwa cha Syros, katika ukoo wa kimaskini wa Wakatoliki, jamii ndogo ndani ya nchi ya Waothodoksi. Akiwa bado mtoto alitoroka kisiwani akaenda Piraeus. Huko alipakua makaa ya mawe melini, kisha akawa mchuna ngozi katika machinjio. Siku moja alimsikia mtu akipiga buzuki, ala ya shingo ndefu na tumbo la mviringo kama la udi, na moyo wake ukatekwa. Mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba aliapa: kama hataijua ala ile katika muda wa miezi sita, ataukata mkono wake kwa shoka la machinjio. Mkono ulisalimika. Mwaka 1933 alirikodi kwa buzuki, ala ambayo waungwana wa Athens waliiona kuwa ni ya wahuni na wafungwa, na mwaka 1934 yeye na wenzake watatu, Batis, Stratos na Delias, wakaunda kundi la watu wanne lililojulikana kwa jina la Piraeus. Wimbo wake unaopendwa zaidi, Frangosyriani, unamhusu msichana wa Kikatoliki wa Syros, na ndani yake anatembezwa sehemu za kisiwa kile kwa majina yake.

Nyimbo za Markos na wenzake ndizo zinazoitwa rebetiko. Ziliimba mapenzi, umaskini, jela, ugonjwa wa kifua kikuu, na, hapana haja ya kuficha, ziliimba bangi. Vilabu vyao vya awali vilikuwa vibanda vya wavuta hashishi. Mwandishi wa makala haya hatetei bangi. Mmoja wa wale wanne, Anestis Delias, alimalizwa na madawa ya kulevya mwaka 1944 akiwa bado kijana, na hiyo ni hoja ya kutosha. Lakini lazima tuulize: je, mtu aliyeishi katika kibanda cha bati, akapakua makaa tangu alfajiri, angeimba nini? Angeimba maua ya bustani asiyoiona?

Serikali iliyokuja mwaka 1936 haikuuliza swali hilo. Tarehe 4 Agosti mwaka ule Jenerali Metaxas alitwaa madaraka yote na kuweka udikteta. Miongoni mwa amri zake ilikuwamo ya kwamba kila wimbo upitiwe na wakaguzi kabla ya kurikodiwa. Nyimbo za hashishi zikapigwa marufuku, na nyimbo za "aman" nazo zikapigwa marufuku kwa kuwa zina harufu ya Uturuki. Na ajabu ni kwamba upande wa pili wa bahari, mwaka 1934, serikali ya Uturuki nayo ilikuwa imeuondoa muziki wa kale wa Kituruki redioni, kwa kuwa una harufu ya mashariki na haufai katika taifa la kisasa. Hivyo muziki ule ule ulionekana wa Kituruki mno Athens, na haukufaa Ankara. Wakaguzi wa pande zote mbili walikuwa watu waliosoma, na kila mmoja alidhani analinda utamaduni wa taifa lake.

Lakini si kila ofisa wa zama zile alikuwa wa aina moja, na hapa pana kisa ambacho wenye vyeo watakipenda. Vassilis Tsitsanis alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Trikala, bara, mbali na bahari. Alikwenda Athens kwa nia ya kusoma sheria, akaishia kwenye buzuki. Huyu ndiye aliyeitoa rebetiko katika moshi wa vibanda, akaitia lugha laini zaidi na sauti za waimbaji wawili au watatu wakiitikiana, hata ikaweza kuingia nyumbani kwa mtu yeyote. Wakati Wajerumani walipoikalia Ugiriki alikuwa Thessaloniki, na mkuu wa polisi ya usalama wa mji ule, aitwaye Mouschountis, alikuwa mpenzi mkubwa wa nyimbo zake. Mkuu huyo hakumkamata mpiga buzuki. Alimsimamia harusi yake. Asidhani msomaji kwamba namfanya Mouschountis kuwa malaika, kwani jina lake limo pia katika khabari chungu za upelelezi wa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini katika jambo hili moja sikio lake lilikuwa na akili kuliko mkono wa serikali yake.

Msimu wa baridi wa 1941 na 1942 makumi ya maelfu ya Wagiriki walikufa kwa njaa. Maiti ziliokotwa barabarani asubuhi kwa mikokoteni. Katika giza hilo la miaka ya kukaliwa nchi ndimo Tsitsanis alimotunga wimbo juu ya Jumapili yenye mawingu, Synnefiasmeni Kyriaki. Haukuweza kurikodiwa wakati ule. Ulitoka mwaka 1948, na tangu hapo umekuwa kama wimbo wa pili wa taifa, unaoimbwa na watu wakisimama. Hauna ndani yake jina la adui wala neno la siasa. Mwenye kutaka kuelewa kwa nini wimbo wa mawingu tu uliwaliza watu zaidi ya hotuba, hana budi kukumbuka ile mikokoteni.

Vita vya dunia vilipokwisha Wagiriki hawakupata nafasi ya kupumua. Wale waliopigana na Wajerumani msituni chini ya uongozi wa wakomunisti waligeukiwa, kwanza na Waingereza kisha na serikali ya mfalme iliyosaidiwa na Wamarekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea hadi mwaka 1949. Katika miaka hiyo aliimba Sotiria Bellou, aliyezaliwa mwaka 1921, mwanamke wa sauti nzito isiyopambwa. Alishiriki katika harakati za kupinga uvamizi, akafungwa. Mwaka 1948 alikuwa akiimba pamoja na Tsitsanis katika kilabu kimoja mjini Athens, wakaja wafuasi wa mfalme wakamwamuru aimbe wimbo wa kumsifu mfalme wao. Alikataa. Wakampiga mbele ya watu. Bellou alikuwa mcheza kamari, mwenye ulimi mkali, na maisha yake hayakuwa ya kuigwa na watoto wa skuli. Lakini usiku ule ukumbi ulijaa wanaume, na aliyesema hapana alikuwa yeye.

Kwa upande wa chama cha wakomunisti, ukweli lazima usemwe pia, hasa na mtu aliyelelewa katika kazi za chama. Wengi katika uongozi wa mrengo wa kushoto waliidharau rebetiko. Katika kurasa za magazeti yao ya miaka ile ya 1940 palikuwa na mjadala mkali: hizi ni nyimbo za wafanyakazi, au ni nyimbo za wahuni zinazomlaza mfanyakazi asidai haki yake? Waliotaka nyimbo za maandamano waliona kwamba kilio cha Markos hakina faida. Basi Markos alishutumiwa na dikteta kwa kuharibu maadili, na akashutumiwa na wanamapinduzi kwa kukosa msimamo, na hali makuli wa Piraeus, ambao pande zote mbili zilidai kuwasemea, walikuwa wakinunua santuri zake. Watendaji wa kazi za utamaduni wangefanya vyema kulitafakari jambo hilo kabla ya kuandika ripoti.

Aliyeuvunja ukuta huo alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye elimu ya muziki wa Ulaya, Manos Hatzidakis. Mwezi wa Januari 1949 alisimama katika thieta moja ya Athens, mbele ya watu wenye suti, akawahutubia juu ya rebetiko. Aliwaeleza kwamba katika nyimbo hizo wanazozidharau umo muziki wa kale wa kanisa la mashariki, zimo nyimbo za shamba, na umo ukweli wa maisha ya mjini. Wengi walikasirika. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1961 Hatzidakis alipata tuzo ya Oscar kwa wimbo wa sinema "Jumapili Kamwe", uliovuma kwa sauti ya Melina Mercouri, naye hata hakwenda Marekani kuipokea.

Na sasa tumfikie Mikis Theodorakis, ambaye khabari zake pekee zingejaza gazeti. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1925 katika kisiwa cha Chios. Baba yake alikuwa mtu wa Krete, ofisa wa serikali aliyehamishwa kutoka mji hadi mji. Mama yake alitoka katika ile pwani ya Anatolia iliyopotea. Alipinga uvamizi, akakamatwa, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alipelekwa kwanza kisiwa cha Ikaria, kisha Makronisos. Makronisos ni jiwe refu lililo kavu, karibu na pwani ya Attica, lisilo na watu. Serikali ililigeuza kuwa kambi ya "kuwarekebisha" askari na raia walioshukiwa, na njia ya marekebisho ilikuwa kipigo mpaka mtu atie saini karatasi ya kuikana imani yake ya siasa. Theodorakis aliteswa vikali hapo. Alipotoka alimaliza masomo, na mwaka 1954 akaenda Paris kusomea muziki mkubwa wa okestra, na huko akaanza kupata sifa.

Angeweza kubakia Paris akiwatungia mabwanyenye. Lakini alitumiwa kitabu cha mashairi cha rafiki yake Yannis Ritsos, Epitaphios, maombolezo ya mama juu ya mwanawe aliyeuawa. Ritsos aliandika baada ya polisi kuwapiga risasi wafanyakazi wa tumbaku waliogoma Thessaloniki mwezi wa Mei 1936, na serikali ya Metaxas ilizichoma nakala zake hadharani mjini Athens. Theodorakis alitia muziki, na mwaka 1960 zikatoka rikodi mbili za kazi hiyo hiyo. Ya kwanza ilisimamiwa na Hatzidakis, na mwimbaji alikuwa Nana Mouskouri, sauti safi kama maji ya kisima. Ya pili ilikuwa ya Theodorakis mwenyewe, naye akafanya jambo lililowashtua wasomi. Alimchukua Grigoris Bithikotsis, aliyekuwa fundi bomba kabla ya kuwa mwimbaji, na Manolis Chiotis apige buzuki. Yaani ushairi mkubwa wa taifa ulitiwa mdomoni mwa fundi bomba, na ala ya wavuta hashishi ikasindikiza maombolezo ya shahidi. Nchi nzima ikabishana ipi ni bora. Watu wa kawaida walichagua ya fundi bomba. Mwaka 1964 watu hao wawili wakatoa Axion Esti, kazi ya okestra na kwaya kutokana na shairi refu la Odysseas Elytis, ambaye baadaye, mwaka 1979, alipata tuzo ya Nobel. Na mistari yake migumu ikaimbwa na wavuvi na madereva wa teksi.

Mwaka huo huo wa 1964 ilitoka sinema ya Zorba, iliyopigwa Krete, na muziki wake ni wa Theodorakis. Ile ngoma inayoanza polepole kisha ikaenda mbio, ambayo watalii huichezea mikono mabegani wakidhani ni ya tangu enzi za Homer, ilibuniwa kwa ajili ya sinema ile kutokana na ngoma ya zamani ya wachinjaji. Kwa hesabu hiyo ni rika moja na Mapinduzi yetu.

Tarehe 21 Aprili 1967 makanali wa jeshi walipindua serikali. Hazikupita wiki sita. Tarehe 1 Juni mkuu wa jeshi akatoa amri ya kuwa muziki wa Theodorakis ni marufuku kupigwa na marufuku kusikilizwa, na mwenye kukaidi atafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Theodorakis alikamatwa mwezi wa Agosti. Alitiwa gerezani, kisha akahamishiwa yeye na familia yake katika kijiji cha Zatouna, milimani Peloponnese, kisha kambi ya Oropos. Alitunga muda wote huo, na kazi zake zikasafirishwa nje kwa siri. Makelele ya dunia yaliwalazimisha makanali kumwachia mwaka 1970, akaenda Paris. Yeye pamoja na Maria Farantouri, binti aliyezaliwa mwaka 1947 mwenye sauti ya chini kama kengele nzito, wakazunguka dunia kwa maonyesho, na kila onyesho likawa mahakama dhidi ya makanali. Ndani ya nchi watu walifunga madirisha ndipo wakaweka santuri. Utawala ule ulianguka mwezi wa Julai 1974 kwa sababu ya balaa uliloanzisha katika kisiwa cha Cyprus, na Theodorakis akarudi siku zile zile.

Yaliyofuata yaliwaudhi wengi waliompenda. Mwaka 1990 aliingia katika serikali ya chama cha mrengo wa kulia kama waziri asiye na wizara maalumu, akakaa hadi 1992. Yeye alidai anaunganisha taifa. Kwa maoni yangu mtunzi huyo alikosea mlango, lakini aliyeteswa Makronisos alikuwa ameshalipa nauli ya kukosea. Alifariki tarehe 2 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka 96, akazikwa Krete, kwa baba yake, kama alivyotaka.

Wakati wasomi wakimshangilia Theodorakis, maskini walikuwa na mwimbaji wao mwingine. Stelios Kazantzidis alizaliwa mwaka 1931 katika mtaa wa wakimbizi wa Nea Ionia, Athens. Alifiwa na baba katika dhoruba ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafanya vibarua. Mwaka 1960 serikali ya Ugiriki na ya Ujerumani Magharibi zilikubaliana juu ya kupeleka wafanyakazi, na malaki ya vijana wakapanda treni kwenda viwandani. Kazantzidis ndiye aliyewaimbia hao, na mama zao waliobaki. Mwenye ndugu Muscat, Dubai au London anajua nyimbo za namna hiyo zinavyoingia. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa kileleni, aliacha kabisa kuimba vilabuni, kwa kuchoshwa na matajiri waliovunja sahani na kumwaga fedha mbele yake. Kisha akagombana na kampuni iliyomfunga kwa mkataba, akabisha kwamba santuri zinauzwa kwa maelfu na mwenye sauti anapata makombo. Baada ya mwaka 1975 alinyamaza, hakutoa santuri mpya mpaka 1987. Miaka kumi na zaidi ya sauti bora ya nchi ilipotea kwa sababu ya karatasi. Wabunge wanaotunga sheria za hakimiliki, na wanamuziki wanaotia saini bila kusoma, wote wana la kupata hapo. Alifariki Septemba 2001.

Waliojulikana zaidi nje ya Ugiriki tutawapitia kwa haraka, maana khabari zao zimekwisha kuandikwa sana. Nana Mouskouri, mzaliwa wa Chania, Krete, mwaka 1934, mwana wa mwendesha mashine ya sinema, aliuza zaidi ya santuri milioni moja Ujerumani kwa wimbo wa mwaka 1961 juu ya waridi jeupe la Athens, akaimba kwa lugha nyingi na miwani yake ile ile, na baadaye akawa mbunge wa Bunge la Ulaya, 1994 hadi 1999. Demis Roussos, yule bwana mnene mwenye ndevu na kanzu pana ambaye wenye umri wa makamo watamkumbuka, alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1946. Wazazi wake walipoteza mali baada ya mgogoro wa Suez, wakarudi Ugiriki mikono mitupu. Mwaka 1968 yeye na Vangelis, mpiga kinanda, na bendi yao Aphrodite's Child, waliwakimbia makanali wakitaka kufika London, wakakwama Paris katikati ya migomo ya mwezi wa Mei, na hapo hapo wakarikodi "Rain and Tears", iliyovuma Ulaya nzima. Mwezi wa Juni 1985 Roussos alikuwamo katika ndege ya Marekani iliyotekwa ikitoka Athens, akatimiza miaka 39 akiwa mateka. Vangelis, ambaye hakuwa msomaji wa nota, alipata Oscar mwaka 1982 kwa muziki wa sinema ya wakimbiaji wa Uingereza. Roussos alifariki 2015, na Vangelis 2022. Walikuwa mahodari, lakini kwa kweli muziki wao ungeweza kutoka nchi yoyote.

Na wazee wa rebetiko? Markos aliingia miaka ya 1950 vidole vimeshikwa na baridi yabisi, na makampuni yamemsahau. Alizunguka mikahawani akipiga apate cha kula. Tsitsanis ndiye aliyesukuma nyimbo za mzee huyo zirikodiwe upya mwaka 1960 kwa sauti ya Bithikotsis na wengineo, ndipo akapata chakula cha uzeeni hadi alipofariki mwaka 1972. Hapakuwa na ofisi yoyote ya serikali iliyofanya hivyo. Alifanya mwanamuziki mwenzake. Baada ya makanali kuanguka, vijana wa vyuo vikuu walizigeukia nyimbo zile kwa shauku, na mwaka 1975 Yorgos Dalaras, mwana wa mwimbaji wa rebetiko wa Piraeus, alitoa mkusanyo wa miaka hamsini ya nyimbo hizo uliouzwa kupita kiasi. Mwaka 2017 rebetiko iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Makronisos nayo ilitangazwa mwaka 1989 kuwa mahali pa historia ya taifa, na waziri wa utamaduni aliyetangaza alikuwa Melina Mercouri, yule mwimbaji wa "Jumapili Kamwe".

Tsitsanis alifariki London tarehe 18 Januari 1984, siku aliyotimiza miaka 69. Mji wake wa Trikala umemjengea makumbusho, yenye santuri zake, picha na mabuzuki. Jengo lenyewe ni lililokuwa gereza la mji, na mafundi walipolitengeneza walikuta chini yake hamamu ya Kituruki. Ng'ambo kidogo upo msikiti wa Osman Shah, kazi ya Sinan, mjenzi mkuu wa masultani, ambao bado umesimama.